Jinsi ya Kuzuru Kumbukumbu za Taifa Arusha na Moshi kwa Kuanzia Nyumbani

Mtu anayeishi Arusha au Moshi hupita kila siku karibu na mahali ambapo mambo makubwa ya nchi hii yaliamuliwa au kuumiza watu, na mara nyingi hupita akiwa ndani ya daladala, akiwahi kazini, bila kugeuza shingo. Mnara wa Azimio upo kwenye kipilefti cha Barabara ya Makongoro, Boma la Wajerumani lipo mwisho wa Barabara ya Boma, na sanamu ya Mangi (mtawala wa Kichagga) Meli ipo Old Moshi, mwendo mfupi kutoka Moshi mjini. Watalii hufikishwa huko na waongozaji wao, hupiga picha na kuondoka. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wenyeji: mzazi anayetaka kumpeleka mtoto, mwalimu mwenye darasa, kijana anayejiandaa kuondoka nyumbani kwa masomo, na kila anayehisi kwamba sehemu hizi zinamhusu lakini hajui aanzie wapi. Ushauri wangu wa msingi ni mmoja tu, na mengine yote yanatoka humo: anza nyumbani kwenu kabla ya kwenda, kwa sababu kumbukumbu ya taifa haina mengi ya kumwambia mtu asiyejua watu wake walikuwa wapi na walifanya nini wakati jambo lenyewe lilipotokea.

Kuuliza kabla ya safari

Chagua sehemu moja, angalia mwaka unaohusika nayo, kisha tafuta katika ukoo au mtaani mtu ambaye aliuona mwaka huo au alisimuliwa na mtu aliyeuona. Azimio la Arusha ni la mwaka 1967, kwa hiyo mzee aliyezaliwa mwaka 1950 alikuwa kijana wa miaka 16 au 17, mwenye akili ya kukumbuka vizuri. Nenda kwake kwa utaratibu unaojulikana: amkia, kaa, ulizia afya na mifugo au shamba, pokea chai ikiletwa, na usitoe simu kurekodi kabla hujaomba ruhusa. Ukianza kwa kumuuliza mzee maoni yake kuhusu siasa ya Ujamaa, atakupa hotuba. Ukimuuliza alikuwa anaishi wapi, nani alileta habari, redio ilikuwa kwa nani, na ni kitu gani kilibadilika pale nyumbani mwaka huo na miaka iliyofuata, atakupa maisha yake.

Majibu hayatafanana, na hiyo ndiyo faida yake. Familia iliyokuwa ikiuza kahawa mlimani itakumbuka jinsi vyama vikuu vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976, KNCU ya Kilimanjaro ikiwemo, na jinsi chama hicho kilivyorudishwa mwaka 1984. Familia ya Kihindi yenye asili ya mjini inaweza kukumbuka nyumba ya kupangisha iliyochukuliwa na serikali mwaka 1971. Mtu ambaye ukoo wake ulihamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa miaka ya 1970 atakuwa na maneno yake, na bibi aliyejifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima atakuwa na mengine, pengine kwa furaha kubwa. Usibishane na yeyote kati yao. Andika anachosema, andika jina lake na tarehe, na umwombe akuonyeshe kitu chochote alichobaki nacho cha wakati ule: kadi ya TANU, picha, daftari, stakabadhi ya kahawa.

Ikiwa huna mzee wa kumuuliza, au umelelewa mbali na ukoo wako, usiache safari. Jirani, mzee wa kanisa, sheikh wa mtaa au mwalimu mstaafu anaweza kukusaidia. Jambo la muhimu ni kwamba usifike mlangoni ukiwa mikono mitupu.

Mnara na Makumbusho ya Azimio

Sehemu hii ndiyo rahisi kuanza nayo, kwa kuwa ipo katikati ya jiji na unaweza kufika kwa miguu kutoka stendi au kutoka Uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Uwanja wenyewe unastahili dakika moja ya fikira: umepewa jina la mshairi na waziri wa sheria wa miaka ya mwanzo ya Uhuru, aliyefariki mwaka 1964, na sidhani kama wengi wanaoingia pale kutazama mpira wanalijua hilo.

Jumba la makumbusho lilikuwa ukumbi wa jamii, na Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapo Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967. Azimio lilitangazwa kwa umma tarehe 5 Februari, na siku iliyofuata mabenki yakaanza kutaifishwa. Ukiingia, nakusihi usikimbilie kutazama kila picha iliyopo ukutani. Chukua muda kwanza kulitambua jengo: ni ukumbi wa kawaida, wa kiasi, wa aina ambayo leo tungeikodi kwa sherehe ya ubatizo, na humo ndimo yalimojadiliwa maamuzi yaliyogusa kila nyumba ya Tanganyika na kubadili namna watu walivyoishi, walivyolima na walivyomiliki mali.

Kabla ya kwenda, soma Azimio lenyewe. Si refu, linapatikana kwa Kiswahili, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko cha hotuba nyingi zilizofuata. Watu wengi hukumbuka kwamba linasema maendeleo yanahitaji watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na kwamba linakataa fedha kuwa msingi wa maendeleo. Wachache hukumbuka sehemu ya masharti ya uongozi, ambayo kwangu ndiyo inayochoma zaidi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na CCM katika kikao kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991. Mtu anayesimama ndani ya ukumbi ule akiwa amesoma ukurasa huo hawezi kutoka bila swali, na swali hilo halihusu viongozi wa juu peke yao. Linaweza kumhusu mwenyekiti wa kikundi chenu cha kukopeshana, mweka hazina wa kanisa, au wewe mwenyewe uliyewahi kushika fedha za wengine.

Hapo ndipo unapotakiwa kutoa daftari lako. Tafuta kitu kimoja tu katika makumbusho kinachokutana na yale uliyoyasikia nyumbani, kwa mfano picha ya watu waliotembea kuunga mkono Azimio, kisha ukae nacho. Mwaka ule watu walitembea masafa marefu sana, Mwalimu Nyerere mwenyewe akiwamo, aliyetoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu, na kijana Seti Benjamin alifariki akiwa katika matembezi hayo. Jiulize ni jambo gani leo lingekufanya wewe utembee umbali wa namna ile. Usiandike jibu zuri. Andika jibu la kweli, hata kama ni kwamba hakuna.

Kutoka Boma hadi Old Moshi

Sehemu mbili hizi nashauri zizuriwe kama safari moja iliyogawanyika kwa siku mbili, kwa sababu hadithi yake ni moja, na kutenganishwa kwake kumewafanya watu wa Arusha wadhani kwamba Mangi Meli ni habari ya Wachagga peke yao.

Boma la Arusha, ambalo sasa ni Makumbusho ya Historia Asilia, lilikamilika mwaka 1900 kwa nguvu za wenyeji waliolazimishwa kufanya kazi. Wengi huingia pale kutazama habari za binadamu wa kale na wanyama, jambo ambalo ni jema, lakini ninakuomba usimame uani na kutazama unene wa kuta. Kuta zile zilijengwa kwa sababu watawala waliogopa. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Meru walikokuwa wakianzisha kituo chao, nao Wajerumani chini ya Kapteni Kurt Johannes wakarudi na vikosi vilivyoua watu, kuchoma nyumba na kuteka mifugo ya Wameru na Waarusha. Ukiwa Mmeru, Mwarusha au Mchagga, ujue kwamba watu wako wanaweza kuwa walikuwa upande wowote kati ya pande zilizopigana, kwa maana vikosi vile vilikuwa na mashujaa wa mlimani pia, waliotumwa na wamangi walioungana na Wajerumani. Ni ukweli mgumu, na ni bora kwenda nao kuliko kuukuta njiani.

Tarehe 2 Machi 1900, watu 19 walinyongwa huko Moshi kwa tuhuma za kupanga kuupinga utawala wa Wajerumani. Miongoni mwao walikuwamo Mangi Meli wa Old Moshi na Mangi Molelia wa Kibosho, pamoja na viongozi wa Wameru na Waarusha. Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, na mwaka 1892 mashujaa wake walikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, von Bülow, kabla ya kushindwa mwaka uliofuata na jeshi kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba baada ya kunyongwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na mjukuu wake amekitafuta kwa miongo mingi.

Kufika Old Moshi si kazi. Toka Moshi mjini hadi Kiboriloni, kisha panda kuelekea Kidia na Tsudunyi. Wakati wa masika barabara za mlimani huteleza, kwa hiyo vaa viatu vya kufaa na usiende jioni. Ukifika, usiende moja kwa moja kwenye mti unaosimuliwa kuwa ndipo watu wale waliponyongewa, wala kwenye sanamu. Uliza kwanza wenyeji, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kitongoji au kwa wanaosimamia utalii wa utamaduni, nao watakupa mtu wa kukuongoza. Huyo ni mwenyeji wako, si mlinzi wa geti. Mlipe inavyostahili na umwachie nafasi ya kusimulia kwa mpangilio wake, kwa maana kumbukumbu ya Meli ilitunzwa na wazee kwa mdomo kwa zaidi ya karne moja kabla sanamu yake haijawekwa mwezi Machi 2019.

Pale ndipo ninapopendekeza ukae kwa muda mrefu kuliko kwingine kokote katika mwongozo huu. Makaburi ya Wachagga yapo kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, karibu na nyumba, na mipaka yake hupandwa masale, mimea yenye majani marefu. Desemba watoto hurudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, wakafyeka majani na kuwaonyesha wajukuu nani amelala wapi. Mtu aliyezoea hayo ataelewa bila kufafanuliwa uzito wa familia ambayo mzee wake hana kaburi kamili. Mwaka 2023 wachunguzi wa Berlin walitangaza kwamba kati ya mafuvu zaidi ya 1,100 waliyoyachunguza, yaliyotoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, 202 yalitoka katika eneo ambalo leo ni Tanzania, na baadaye mwaka huohuo vipimo vya vinasaba vikaoanisha baadhi yake na familia za Kichagga zilizo hai. Mwezi Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa yale yaliyotendwa wakati wa vita vya Majimaji. Sisi tunajua namna msamaha unavyoombwa kwetu: mtu huja na jani la sale mkononi, mbele ya wazee, na anayeletewa sale hapaswi kukataa. Tafakari ukiwa pale kama msamaha unaweza kutolewa wakati kilichochukuliwa hakijarudi, na nani ana mamlaka ya kuutoa: serikali, ukoo au mwenye kichwa. Waulize wazee wa pale wanaonaje. Mimi ninaamini ukoo ndio wenye neno la kwanza, lakini sitaki uje na imani yangu. Njoo na swali.

Kaburi la Sokoine, Monduli Juu

Edward Moringe Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili, alifariki kwa ajali ya barabarani Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akazikwa nyumbani kwake Monduli Juu. Kutoka Arusha unafuata barabara ya Dodoma, unakata kwenda Monduli mjini, kisha unapanda. Tofauti na makumbusho, hapa unaingia kwenye boma la watu, kaburi la baba na babu wa watu walio hai. Tuma salamu kabla ya kwenda kwa kupitia mtu anayefahamiana na familia au ofisi ya kijiji, na ukiambiwa siku hiyo haifai, kubali. Kila tarehe 12 Aprili huwa na ibada na viongozi wengi. Anayetaka kutafakari kwa utulivu achague siku nyingine. Watu waliokuwa wafanyabiashara mwaka 1983 watakukumbusha vita yake dhidi ya wahujumu uchumi, wengine kwa heshima kubwa, wengine kwa machungu ya kuwekwa ndani. Wasikilize wote wawili kabla ya kupanda Monduli, na usiwalazimishe kukubaliana.

Sehemu nyingine kwa ufupi

Moshi yapo makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia yanayotunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola; Waingereza waliuteka mji huo mwezi Machi 1916. Tembea taratibu na usome majina, kisha ufikirie ambao hawapo. Mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya askari na wapagazi wa Kiafrika hawakuandikwa majina popote. Kama katika ukoo wenu kuna habari ya mtu aliyechukuliwa kuwa mpagazi na hakurudi, andika jina lake kwenye daftari ukiwa palepale.

Jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha Arusha, halijulikani kama mahali pa kumbukumbu, lakini humo ndimo Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliposikiliza kesi hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, na humo ndimo Jean-Paul Akayesu alipotiwa hatiani mwaka 1998, hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Msiba huo ni wa Wanyarwanda, na sisi tuliwapa mahali pa kusemea. Mkazi wa Arusha anaweza kuiadhimisha tarehe 7 Aprili, siku ya kuwakumbuka waliouawa, kwa kupita pale kimya kabla ya kwenda kwenye mapumziko ya Siku ya Karume, ambayo huangukia siku hiyohiyo.

Mavazi, picha na watoto

Vaa kama unavyokwenda msibani kwa jirani: nguo za heshima, zisizo na maneno ya mzaha. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu au kaburi, na usijipige picha ukicheka mbele ya mahali pa kunyongewa watu. Mtoto aliye chini ya miaka minane mpe kazi moja tu, kama vile kuchora kitu alichokiona, na usimhutubie. Mwalimu anayeleta darasa aandike barua mapema kwa uongozi wa makumbusho na agawe wanafunzi katika vikundi vidogo, kwa kuwa watoto sitini ndani ya ukumbi wa Azimio hawasikii kitu.

Kuandika baada ya kurudi

Andika siku hiyohiyo, usiku, kabla maneno ya mwongozaji hayajachanganyika na ya mitandaoni. Andika katika lugha unayoota nayo, iwe Kiswahili, Kimachame, Kimeru au Kimaasai. Weka upande mmoja ulichoambiwa nyumbani kabla ya safari na upande mwingine ulichokiona, na pale vinapopishana usifute chochote. Kisha rudi kwa mzee uliyemuuliza mwanzo na umsomee. Mara nyingi hapo ndipo anapotoa habari alizokuwa amezizuia, kwa sababu sasa ameona kwamba ulikwenda kweli.

Kama atakupa picha au hati ya zamani, usiibebe kuipeleka makumbusho kwa furaha ya kusaidia taifa. Piga picha yake vizuri mchana, andika nyuma ya nakala majina ya waliomo na mahali, irudishe ya asili kwa mwenyewe, na ikiwa familia itaamua kuikabidhi makumbusho, ikabidhiwe na familia yenyewe kwa maandishi yenye sahihi za pande zote mbili, nakala moja ibaki kwenye sanduku la nyumbani.